Meza za Kiitaliano za mawe ya njumu: ya Florence, ya Roma au ya skaliola, ipi inakufaa?

Ukipitia katalogi za minada ya Ulaya utakuta meza tatu zimepangwa jirani jirani, zote zimeandikwa za Italia na zote uso wake ni mawe ya rangi, bei zinapishana kama mbingu na ardhi lakini kwenye simu picha zinafanana kabisa, sasa mtu na hela yake ya jasho anabaki kaduwaa hajui ashike ipi. Mi nilianza kuzijua hizi meza kwa kitambaa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya bibi mmoja mzee kule Florence, kila Jumamosi nafuta vumbi meza yake ya maua kwenye marumaru nyeusi, siku moja nikainama karibu nikaona kumbe jani zima ni jiwe moja tu, na lile jiwe lenyewe ndo limetoka kijani cheusi likaenda mpaka njano, hakuna aliyepaka rangi, kuna mtu alikaa akapekua mawe mpaka akalipata lenye jani ndani yake. Toka siku hiyo sijaacha kuziangalia na kila nikipata nafasi nachungulia mpaka chini ya uvungu.

Kwa hiyo hapa nazilinganisha zile tatu ambazo watu wanazichanganya sana: meza ya Florence ambayo jiwe linageuzwa kuwa picha, meza ya Roma ambayo jiwe linabaki jiwe na ndo linaloonyeshwa, na meza ya skaliola ambayo haina jiwe kabisa, ni jasi iliyotiwa rangi kwa mkono hadi ikafanana na jiwe.

Tuangalie nini

Nitaziuliza zote maswali yale yale. Kwanza jicho lako linataka nini kila asubuhi. Pili imetengenezwaje, maana hapo ndo kila kitu kingine kinatokea. Tatu kuishi nayo, yaani watoto, chai, jua la dirishani, unyevu. Nne utajuaje ni yenyewe na si ya juzi. Tano ikivunjika inatengenezeka? Na mwisho hela, kununua na kuja kuuza.

Neno moja kuhusu mawe kwanza. Majina mengi unayajua tayari hata kama hujawahi kuona hizi meza, fungua Ufunuo sura ya 21 kwenye misingi ya ule mji: yaspi, kalkedoni, akiki, amethisto, ndo hayo hayo. Na wazee wa pwani wenye pete ya akiki kidoleni wanalijua hilo jiwe vizuri kuliko wauzaji wengi wa mnada. Haya ndo Waitaliano wanaita mawe magumu, kwenye kipimo cha ugumu wa mawe cha Mohs yanakaa kwenye 7 hivi, wakati marumaru ya kawaida iko 3 tu. Kumbuka hizo namba mbili, zitarudi.

Meza ya Florence

Mwaka 1588 Ferdinando I wa ukoo wa Medici, watawala wa Florence, alizikusanya karakana za jumba lake chini ya usimamizi mmoja, na kutoka hapo ikazaliwa taasisi ambayo mpaka leo iko Florence, Opificio delle Pietre Dure, siku hizi ni kituo cha kukarabati kazi za sanaa na kina jumba la makumbusho ndani yake. Ukitaka kuelewa hii kazi inakula muda kiasi gani nenda kaangalie meza ya pembe nane kwenye chumba cha Tribuna pale makumbusho ya Uffizi, huko huko Florence: ilianza 1633 ikaisha 1649. Miaka 16, meza moja.

Inavyotengenezwa ni hivi. Fundi anachora picha kwenye karatasi, anaikata vipande, kila kipande kinabandikwa kwenye bamba jembamba la jiwe pale ambapo rangi ya asili inaendana na anachotaka, halafu anakata kwa upinde wa mbao wenye waya badala ya kamba, waya unapakwa unga wa msasa na maji na ndo unaokula jiwe, taratibu mno. Pembeni ya kila kipande anaisuguwa kwa mlalo kidogo ili juu vigusane kabisa na gundi ibaki chini isionekane. Vinaungwa kwa nta ya nyuki na utomvu wa msonobari, nyuma linawekwa bamba la sleti, mwisho uso unasuguliwa mpaka ung'ae. Mawe yalitoka kila kona, lapisilazuli ya bluu kutoka Afghanistan, yaspi za Sicily, kalkedoni za Volterra, mpaka mawe ya kawaida tu ya mto Arno ambayo ukiyapasua ndani unakuta milima na mawingu. Kuna na za malakiti, ile ya kijani ambayo ndugu zetu wa Katanga wanaijua vizuri, ila kwenye meza za karne ya 19 malakiti ilikuwa ikitoka milima ya Ural kule Urusi.

Kwa jicho, hii ni picha. Maua, ndege, vipepeo, kamba za lulu, komamanga lililopasuka. Karne ya 19 karakana binafsi za Florence zilitengeneza nyingi za duara zenye shada la maua kwenye marumaru nyeusi ya Ubelgiji, wasafiri wakawa wanabeba kwenda nazo kwao, na ndo hizo unazoziona zaidi sokoni leo.

Kuishi nayo, hapa watu wanakosea. Wanasikia "mawe magumu" wanafikiri ni meza ya kuchinjia kuku. Ua la akiki kweli halichubuki kirahisi, lakini ile nyeusi inayolizunguka ni marumaru laini, lapisilazuli iko 5 na kitu, malakiti haifiki hata hapo, kwa hiyo uso mmoja una sehemu ngumu na sehemu laini na zinachakaa tofauti. Adui mkubwa lakini ni joto. Nta na utomvu vinalainika, ukiweka sufuria ya moto au ukaiacha dirishani jua la saa nane linaipiga miaka na miaka, vipande vinaanza kuinuka. Pitisha kiganja taratibu, ukihisi ukingo umesimama ujue gundi imechoka.

Kujua ni yenyewe: chukua lenzi. Kwenye kazi nzuri kivuli cha ua kiko ndani ya jiwe, kwenye kazi duni utaona mistari iliyopakwa au mianya iliyozibwa kwa nta ya rangi. Angalia chini pia, ikiwa vipande vimeungwa vyenyewe kwa vyenyewe utakuta sleti, kuna nyingine vimechimbiwa moja kwa moja kwenye bamba zima la marumaru nyeusi, hiyo si kosa. Na kuna swala la India. Agra wana kazi ya njumu ya mawe toka enzi za Taj Mahal, mara nyingi kwenye marumaru nyeupe ya Makrana, kazi ya heshima kabisa inayotengenezwa hadi leo, tatizo ni muuzaji anayeichukua mpya anaiandika Italia karne ya 19. Ukiona nyeupe, viua vidogo vidogo vinavyojirudia vile vile ukingo mzima, uliza mara mbili. Meza ya Agra inunue kama ya Agra, kwa bei ya Agra.

Kuitengeneza inawezekana lakini si kwa fundi yeyote, maana anatakiwa atafute jiwe lenye rangi ile ile na mchirizi ule ule, gharama yake ukiisikia utakaa chini. Na hela kwa ujumla, hii ndo inapanda juu zaidi ya zote ikiwa ni ya zamani na ina karatasi za historia yake. Kabati la Badminton, lililotengenezwa na karakana hiyo hiyo ya Florence kwa ajili ya Duke wa Beaufort, bwana mkubwa wa Kiingereza, kati ya 1726 na 1732, lilinunuliwa London mwaka 2004 kwa zaidi ya pauni milioni 19. Za duara za wasafiri ziko chini sana ya huko, na kati yake kuna ngazi nyingi.

Meza ya Roma

Hii mi naipenda kwa sababu nyingine kabisa na naomba mnivumilie nikirefusha.

Mafundi wa Roma hawakuhitaji kutafuta mawe mbali, mji mzima ulikuwa umelala juu ya magofu. Wafalme wa kale walileta mawe kutoka kila pembe ya dola lao, machimbo mengi yakafungwa au yakasahaulika karne kwa karne, kwa hiyo fundi wa karne ya 16 au ya 18 akitaka jiwe la porfiri nyekundu alikuwa anaitoa kwenye nguzo iliyoanguka, si mgodini. Ukiweka kiganja juu ya ile porfiri umeshika jiwe lililochimbwa jangwa la mashariki la Misri enzi za dola la Kirumi. Ile njano tamu wanayoita jalo antiko ilitoka Chemtou, Tunisia. Ya kijani yenye madoa meupe na meusi ni ya Thessaly, Ugiriki. Halafu kuna moja inaitwa africano, nyeusi yenye mabaka mekundu na ya pinki, nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi nikajua hii ya kwetu, kumbe inatoka Teos, pwani ya Uturuki, jina tu ndo la Afrika. Za Afrika kweli ni porfiri ya Misri na ile njano ya Tunisia, na watu wengi wanapita hawajui.

Kuna vizazi viwili. Za karne ya 16 ni kubwa, za makadinali, mapambo ya ngao na miduara na mistari badala ya maua. Maarufu kuliko zote ni ya ukoo wa Farnese, iko New York kwenye makumbusho ya Metropolitan, mchoro unatajwa kuwa wa msanifu majengo Vignola, ina karibu mita 3.8 kwa urefu na katikati yake kuna mabamba ya alabasta ya Misri. Hizi huwezi kununua, nenda kaangalie tu. Kizazi cha pili ni cha mwisho wa karne ya 18 na karne ya 19, meza za sampuli, yaani uso umegawanywa miraba au vipande vinavyotoka katikati kama miale ya jua na kila kipande ni jiwe tofauti, wasafiri wa Ulaya kaskazini wakawa wananunua kama ukumbusho. Nyingine zilikuja na karatasi yenye namba na majina ya mawe. Ukipata meza ambayo bado ina karatasi yake, usiiachie karatasi.

Jicho: haina hadithi, haina ndege. Asiyependa jiwe kama jiwe ataona ubao wa drafti. Anayependa hatamaliza kuangalia.

Ilivyotengenezwa ni rahisi zaidi ya Florence, vipande vingi vina ncha zilizonyooka, kwa hiyo ustadi uko kwenye kuchagua na kupanga, na kwenye kuviunganisha bila mwanya. Kuishi nayo, porfiri haijali kitu, ila nyingi zilizobaki ni marumaru, na marumaru inaliwa na asidi. Ndimu, siki, ukwaju, soda, tone moja likikaa linaacha alama iliyofifia ambayo haifutiki kwa kitambaa, inataka kusuguliwa upya. Manjano ya kupikia ndo usiseme. Dawa za kusafishia choo zisifike hata chumbani humo, maji kidogo na kitambaa laini vinatosha, kausha hapo hapo.

Kuthibitisha: hapa una msaada mzuri sana. Mwanasheria wa Roma Faustino Corsi alikusanya vipande 1,000 vya mawe ya mapambo, vimesuguliwa vyote saizi moja, na toka karne ya 19 viko Oxford, makumbusho ya historia asilia, na vinaangalika hata kwenye intaneti. Kaa na simu pembeni ya meza linganisha jiwe kwa jiwe. Meza ikiwa na mawe ya kisasa matupu, yale unayoyaona kwenye kaunta za jikoni, basi ni ya juzi. Kuitengeneza ni nafuu kuliko ya Florence, kipande cha mraba kinabadilishika, japo kupata kipande cha kale cha aina ile ile si mchezo. Hela: za sampuli zina soko la uhakika, na bei inapanda kwa idadi ya mawe adimu, si kwa ukubwa wa meza.

Meza ya skaliola

Watu wakisikia ni jasi wanakunja uso, na hilo linaniuma kidogo maana kazi yenyewe ni kubwa.

Jasi ile ya vigae vinavyong'aa inachomwa, inasagwa, inachanganywa na gundi ya wanyama na rangi. Fundi anatandika uso, mara nyingi mweusi, anachimba mchoro kwa kisu, anajaza rangi nyingine, anasugua, anachimba tena, anajaza tena, mpaka mwisho anapaka mafuta na nta. Mji wa Carpi huko Emilia, kaskazini mwa Italia, ndo unatajwa zaidi kwa mwanzo wake, na jina la Guido Fassi, aliyefariki 1649. Baadaye Toscana, mkoa wa Florence, ikaichukua, padri Enrico Hugford wa monasteri ya Vallombrosa, karne ya 18, akafanya mandhari ya miti na maji kama mchoro wa rangi, na mabwana wa Kiingereza wakawa wanaagiza na nembo za familia zao. Hawakuwa watu wa kukosa hela ya jiwe. Walitaka kitu ambacho jiwe haliwezi, mstari mwembamba kama unywele, kivuli kinachofifia taratibu.

Kwa hiyo jicho linapata mchoro, laini, wa karibu na karatasi kuliko mwamba. Kuishi nayo ndo udhaifu wake: haitaki maji yakae, haitaki unyevu wa kudumu, inachubuka haraka. Mwenye nyumba ya upepo wa bahari, Mombasa au Muscat, afikirie sana. Kuithibitisha si ngumu, weka mkono, jiwe ni baridi, skaliola ina kajoto fulani. Chini ya lenzi hakuna viungo kati ya rangi na rangi na utaona vitundu vidogo vidogo kama vya uji uliopoa. Ugumu ni kujua umri, kwa sababu ufundi wenyewe haujafa Italia na mpya nzuri zipo. Hapo angalia kuchakaa, je kuko sehemu ambazo mikono ya watu ingegusa au kumesambazwa sawasawa kote? Kuitengeneza ndo rahisi kuliko zote mradi fundi anaijua jasi, anachanganya rangi anajaza. Bei inayumba sana, za karne ya 17 na 18 zenye jina zinakimbizana na mawe, za baadaye unaweza kuzifikia.

Kwa zote tatu, kabla ya kulipa

Miguu. Mara nyingi uso na miguu havikuzaliwa pamoja, uso wa zamani umepewa miguu ya baadaye au kinyume chake. Si dhambi, lakini bei iseme hivo. Geuza, angalia tundu za wadudu kwenye mbao, angalia dhahabu iliyopakwa upya.

Uzito. Marumaru ya duara yenye kipenyo cha mita moja, unene sentimita 3, ni kilo 60 na zaidi. Ibebwe imesimama kwa ubavu kama kioo, kamwe isilazwe. Nilishawahi kusimama pembeni nikaona vijana wa kampuni moja ya kuhamisha wameibeba imelala, mmoja mbele mmoja nyuma, ikalia tu mara moja katikati. Mlio ule siusahau.

Na sheria. Kutoa Italia kitu cha sanaa kilichozidi miaka 70 kunahitaji kupita ofisi ya serikali ya usafirishaji nje; thamani ikiwa chini ya euro 13,500 taratibu ni nyepesi lakini karatasi bado zinatakiwa. Muuzaji akikwambia usijali, wewe jali.

Sasa kwa hali yako

Unataka kitu kimoja sebuleni ambacho kila mgeni atasimama, na kuna mahali pasipo jua la moja kwa moja wala watoto wa kupanda mezani: Florence, na bora ndogo iliyo nzima kuliko kubwa iliyojazwa nta.

Meza itatumika, itawekwa vitabu na kikombe mara moja moja, na wewe ni mtu wa kupenda historia na ramani: Roma ya sampuli, na mkeka wa chini ya kikombe kila siku.

Unapenda mchoro kuliko jiwe, mfuko ni wa kati, nyumba ni kavu: skaliola, na usimruhusu mtu akuambie umenunua bandia.

Uko ughaibuni, unarudi nyumbani pwani karibuni na unataka kuja nayo: nadhani Roma ndo itavumilia zaidi, ila miguu iwe ya chuma au mawe, ile ya mbao yenye dhahabu hewa ya chumvi itaimaliza. Skaliola iache huko huko, muachie mtoto anayebaki.

Unanunua ukitegemea kuuza baadaye: nunua karatasi kwanza meza baadaye, iwe ya aina yoyote kati ya hizi, risiti za zamani, katalogi ya mnada uliopita, picha ya nyumba ilipokuwa.

Na kama bado hujaona hata moja kwa macho yako, usinunue mwezi huu. Aliyeko Italia apite Opificio na jumba la Pitti, wa London makumbusho ya V&A, wa Madrid Prado, wa Marekani Metropolitan. Nenda ubavuni mwa meza, inama mpaka jicho lilingane na uso wake, taa iwe mbele yako. Hapo utaona viungo vyote, na utajua ni ipi kati ya hizi tatu iliyokufanya usitake kuinuka.